Neno Lililokuwa Uani

Julai iliyopita nilirudi nyumbani Mtinko kwa likizo nikiwa na kadi mia tatu kwenye begi. Upande mmoja wa kila kadi niliandika neno gumu la Kiingereza, upande wa pili maana yake. Nilikuwa najiandaa kwa GRE, mtihani ambao baadhi ya vyuo vya Marekani humtaka mwombaji wa masomo ya juu aufanye. Sehemu ya lugha hupewa alama kati ya 130 na 170, na ushauri niliopewa na kila aliyenitangulia ulikuwa mmoja: kariri maneno.

Mdogo wangu yuko kidato cha pili. Naye alikuwa na daftari lake la kukariri. Usiku tulikaa meza moja, kila mtu akinong'ona ya kwake, mama akipita anacheka: "Nyumba imegeuka madrasa."

Siku moja akaniomba nimsikilize kemia. Nikamuuliza njia za kutenganisha michanganyiko. Akazitaja zote kwa Kiingereza bila kukwama. Alipofika kwenye "winnowing" akaieleza kikamilifu: kutenganisha vitu vyepesi na vizito kwa msaada wa upepo. Nikafurahi, maana "winnow" lilikuwa kwenye kadi zangu. Kadi yangu ilisema: kuchambua na kuondoa visivyofaa.

"Ni kufanya nini hasa?" nikamuuliza.

"Ni njia ya kutenganisha michanganyiko, dada."

"Mchanganyiko kama upi?"

Akalitazama daftari. "Mfano hatukuandika."

Mimi pia sikuwa nao.

Kesho yake asubuhi nilikuwa uani nimekaa mkekani na kadi zangu. Mama alikuwa anapepeta uwele, mdogo wangu pembeni yake na ungo wa pili. Makapi yalikuwa yananirukia, nikawa nayapangusa kwenye kadi. Kadi iliyofuata ilikuwa "winnow". Niliisoma, nikainua macho, nikabaki nimeduwaa.

"We, hicho unachofanya ndiyo winnowing," nikamwambia.

Alisimamisha ungo. "Kupepeta? Huku huku?" Akacheka sana. Kisha akauliza bila kucheka: "Sasa kwa nini hawakusema?"

Swali hilo nimerudi nalo chuoni. Sentensi aliyoikariri ilikuwa sahihi. Angeiandika angepata alama, na wala hakuangalizia kwa mtu. Mimi vivyo hivyo. Kama hakuna aliyedanganywa, kosa liko wapi?

Mwanzoni nilidhani kosa ni kuazima. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Lakini hoja hiyo haisimami. Meza tuliyokalia jina lake lilitoka kwa Wareno, shule tumelipata kwa Wajerumani, daftari na kalamu kwa Waarabu. Hakuna anayejisikia uchi akisema "kalamu". Neno la kuazima huwa la kwako ukilitumia kwa jambo unalolijua.

Basi labda kosa ni kutoa ushahidi wa jambo ambalo hukuliona. Anayeandika jibu anasema: hili nalijua. Hapo nakubali lawama yangu, kwa sababu mimi ni mtu mzima na mtihani huu niliuchagua mwenyewe. Siwezi kumtwika mtoto lawama hiyo. Alisoma miaka saba kwa Kiswahili, akafanya mtihani wa darasa la saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akakuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Sera ya Elimu ya 2014 ilisema Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, na Kiingereza kiendelee pia. Yeye bado anajibu kemia kwa Kiingereza. Kukariri ndilo daraja pekee alilopewa.

Ninachoona sasa ni kwamba yupo aliyedhulumiwa, naye hakuwa mezani. Ni mama. Amepepeta tangu utotoni. Anajua upepo wa saa ngapi unafaa, na anajua ungo uinuliwe kiasi gani punje zisiruke na makapi. Binti zake wawili waliosoma walikaa usiku wanatafuta mfano wa kitu anachokifanya kila mavuno, wala haikuwajia kumuuliza. Kadi zilikuwa zimetufundisha kwamba elimu iko mbali na uani. Hilo halikuandikwa upande wowote wa kadi, lakini tulilikariri kuliko yote.

Nilimweleza mama. Akasikiliza huku mikono yake ikiendelea na kazi.

"Kwenye mtihani ataandika lipi?" akauliza.

"Winnowing."

"Basi mfundishe hilo vizuri. Kupepeta nitamfundisha mimi."

Sijapata jibu la kumshinda. Yeye hataki kutetewa; anataka mtoto afaulu, na anajua mlango uko upande gani. Mimi nimejiwekea sharti: neno nisiloweza kumweleza mama kwa Kiswahili, kwa mfano anaoujua, linarudi kwenye fungu la nisiyoyajua. Kazi imekuwa ya polepole. Mdogo wangu naye siku hizi huanza kunieleza jambo kwa Kiswahili kwenye simu, kisha ndipo tunatafuta Kiingereza chake.

Lakini sitajisifu. Wiki mbili kabla ya mtihani wake wa majaribio muda ulitubana, nikamtumia sentensi kumi na tano za Kiingereza na maneno mawili: kariri tu. Alifaulu. Kati ya zile kumi na tano, hadi leo tumezirudia sita. Tisa bado namdaiwa.