Shahidi Katika Bilauri

Uaminifu wa mtu hupimwa katika mambo madogo kabla haujapimwa katika makubwa. Nataka, msomaji, tuutazame katika jambo dogo kabisa: rangi ifutikayo ndani ya maji.

Tia rangi ya buluu ya chakula katika bilauri ya maji, iliyowekwa juu ya alama, kisha tia jiki. Buluu hufifia kidogo kidogo mpaka alama ile ionekane. Mwendo wake hutegemea ukolezi. Chembe za jiki zikiwa nyingi hukutana na chembe za rangi mara kwa mara. Zikiwa chache, hukutana kwa nadra. Basi jiki, ijapokuwa bado ni nyingi kuliko rangi, ikipunguzwa ukolezi kwa nusu, muda hutazamiwa kuwa maradufu. Berthollet wa Ufaransa, aliyeng'arisha nguo kwa klorini katika miaka ya 1780, aliandika mwaka 1803 kwamba wingi wa vitu una nguvu juu ya kazi yao. Mwaka 1864 Guldberg na Waage wa Norwei waliifanya fikira hiyo kuwa kanuni ya hesabu.

Tuseme jaribio lako la kwanza lilichukua sekunde 40. La pili, kwa nusu ya ukolezi, lilitazamiwa kuchukua 80. Lakini saa yasema 97. Hapo huanza mtihani usio wa kemia. Kalamu i mkononi, mwalimu yuko meza nyingine, na 80 ni tarakimu ya kupendeza. Je, uandike ulichokiona au kilichotazamiwa?

Mtetezi wa 80 atasema kwamba hamdhulumu mtu, maana kanuni ni ya kweli. Naam, kanuni ni ya kweli, lakini ushahidi wake ni wa uongo. Tena 97 ilikuja na habari. Pengine maji ya pili yalikuwa baridi zaidi, na baridi hupunguza mwendo wa mmenyuko. Pengine jiki ya pili ilitoka katika chupa iliyokaa juani, ikapungua nguvu. Mwenye kuandika 80 amemfukuza mjumbe kabla hajanena.

Utasema kwamba hii ni rangi tu. Walakini dawa za jamii hiyo hiyo ya klorini huua vijidudu katika maji ya kunywa. Mpimaji aliyezoea kuandika kinachotazamiwa ataandika vivyo hivyo siku dawa imechakaa, na watu watakunywa kipindupindu wakidhani wanakunywa maji salama.

Kwa hiyo andika 97. Kisha rudia jaribio, maji yawe ya joto moja na jiki ya chupa moja, uitafute sababu. Huenda ukapoteza alama moja. Lakini utakuwa na daftari ambalo mwingine aweza kuliamini, na wewe mwenyewe pia.