Kuni za Sombe

Siku ile binti yangu alirudi kutoka porini bila mzigo wa kuni, na kiatu kimoja tu mguuni. Yeye na wenzake walifukuzwa, wakatupa kuni, wakakimbia. Alikunywa maji, akakaa mlangoni, kisha akaniuliza: "Mama, kwani hii sombe iko lazima?"

Sikumjibu. Majani nilikuwa nimeshayatwanga, yapo kwenye beseni. Jioni ile tulikunywa uji tukalala. Lakini swali lake limebaki na mimi, na ninaliandika hapa kwa sababu najua akina mama wengi wa Nyarugusu wameshaulizwa hivyo.

Ninyi mnaokuja kufanya kazi kambini labda mnaijua sombe kwa jina la kisamvu. Ni jani lilelile la muhogo. Watanzania wa pwani hulipika kwa nazi, na wengine hutia karanga. Kinshasa wanaliita pondu, majirani zetu Warundi wanasema isombe. Sisi wa Fizi na Uvira tunatia mawese, bilinganya, pilipili, na ndagala zikipatikana.

Mimi nilifika hapa mwaka 1996 nikiwa mgongoni mwa mama. Fizi siikumbuki, hata mti mmoja. Nilichorithi kutoka kule ni lugha na mapishi. Mama alikuwa akisema, "Mutoto asiyejua kupika sombe, watu watamujua ni wa wapi namna gani?" Kwa hiyo nilijifunza kupika kama mtu anayejifunza sala, na binti yangu nikamfundisha hivyohivyo. Nilidhani ninampa urithi. Kumbe nilikuwa ninampa na deni, maana sombe inakula kuni, kuni ziko porini, na aliyekuwa anazifuata ni yeye.

Basi mila ya mama inalipwa na nani? Nadhani swali la binti yangu lilikuwa hilo hasa. Ni rahisi kusema "tusipoteze asili yetu" wakati miguu inayokimbia ni ya mwingine.

Jibu langu la kwanza lilikuwa kufupisha mapishi. Niliweka magadi, majani yakalainika upesi, nikaepua mapema. Mama alionja, akasema, "Hii haiko sombe," akachukua sufuria na kumwaga yote nje. Nilikasirika. Kuni zote zile! Nilifikiri ni kiburi cha mtu mzima anayetaka kila kitu kiwe kama kwao.

Baadaye, kwenye somo la lishe, nilielewa. Jani la muhogo lina sumu ya sianidi. Ukilitwanga vizuri, sumu inaachiliwa. Ukilichemsha muda mrefu, inatoka na mvuke. Ndiyo maana mama anakataza kufunika sufuria mpaka "ile harufu mbichi itoke." Hakusoma kemia, lakini alifundishwa na watu walioona madhara. Na mzizi wa muhogo mchungu una sheria zake: uloweke siku kadhaa, uanike. Mwaka 1981, huko Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ukame uliwafanya watu wale muhogo mchungu bila kuusubiri. Zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu, wengi wao wanawake na watoto. Kongo ugonjwa huo unaitwa konzo. Jina hilo limetoka kwa Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa.

Tangu hapo ninaona mapishi ya asili yana mambo ya aina mbili. Kuna yanayolinda uhai na kuna yanayolinda kumbukumbu. Mawese yanalinda kumbukumbu: nikiyakosa, nikatia mafuta ya mgao, hakuna atakayeumia ila ulimi wa mama. Lakini moto mrefu unalinda uhai, na huo hauguswi. Hata muhogo wenyewe ulikuwa mgeni. Wareno waliuleta kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16, na babu zetu wakajifunza kuupika. Naamini na wao walikuwepo wazee walionung'unika kwamba hiki si chakula cha kwetu. Kwa hiyo kubadilisha si dhambi, lakini ni lazima ujue unabadilisha nini.

Ikabaki shida ya kuni. Siku moja nilimuuliza mama, kule Fizi walizitoa wapi kuni zote hizo? Akacheka. "Nani alipika sombe peke yake?" Wanawake walitwanga pamoja, kinu kimoja, wakachemsha kwenye moto mmoja, halafu kila mtu akabeba yake kwenye bakuli.

Hilo mama hakunifundisha, kwa sababu kambini halikuwepo la kuonyesha. Hapa kila nyumba ina kadi yake, mgao wake, mafiga yake. Nilijifunza viungo vyote vya sombe isipokuwa watu.

Sasa tuko nyumba tatu, moja ni ya jirani Mrundi. Jumamosi tunatwanga pamoja na kuchemsha sufuria moja kubwa. Kuni tunachanga pesa tununue. Zikikosekana, tunakwenda sisi watu wazima, kundi zima. Watoto hawaendi. Yakiiva tunagawana, kila mtu anamalizia kwake: mimi mawese nikiwa nayo, yeye kwa namna yake. Sisemi tumeshinda. Pori bado linatisha, na kuna Jumamosi hatupiki kitu. Ila moto mitatu imekuwa mmoja.

Ndugu zetu wa mashirika, mkituletea majiko banifu tunashukuru kweli. Lakini msitufundishe tu kupika haraka. Tuulizeni pia tunapika na nani.

Na binti yangu nilimjibu, ingawa nilichelewa. Nilimwambia: sombe haiko lazima. Wewe ndiye lazima. Tukiweza kuipika bila wewe kukimbizwa, tutaipika. Tusipoweza, tutakunywa uji, na bado tutakuwa watu wa Fizi.

Jumamosi iliyopita aliomba amalizie sufuria yetu mwenyewe. Mawese hatukuwa nayo. Akatia karanga, kama alivyoona mahali pengine. Mama akaonja, nami namwangalia mikono. Akasema chumvi kidogo, akaendelea kula.