Ngozi ya Mbuzi na Jina Lako

Andiko: Mwanzo 27:1-29, 28:1-4, 32:22-31

Jumapili Mchungaji alinipa nafasi ya kuhudumu, na kwa wale waliokuwa kazini au safarini, haya ndiyo tuliyojifunza. Fungua Biblia yako usome mwenyewe, usichukue tu maneno yangu.

Isaka amezeeka, macho hayaoni. Anataka kumbariki Esau, mzaliwa wa kwanza, lakini kwanza apikiwe nyama ya mawindo. Rebeka anasikia, anamwita Yakobo, na mpango unapangwa jikoni: wana-mbuzi wawili, chakula kitamu vile mzee anapenda, nguo nzuri za Esau, na ngozi za mbuzi mikononi na shingoni, kwa sababu Esau ana nywele mwilini na Yakobo ni laini.

Sasa angalia mstari wa 12. Yakobo anaogopa nini? Hasemi anaogopa kumkosea Mungu. Anaogopa kupapaswa. Baba akinyoosha mkono na kugusa ngozi yake halisi, atajulikana, na badala ya baraka apate laana.

Anaingia. Mzee anauliza huyu ni nani, naye anajibu kwamba ni Esau. Mzee anashangaa, mbona mawindo yamepatikana haraka hivi? Yakobo anamjibu kwamba ni Bwana, Mungu wa Isaka, aliyemfanikisha. Hapo ndipo niliwaambia mshike viti. Uongo ulikuwa umekwama kidogo, na alipoona umekwama akauvalisha jina la Mungu. Hata hakusema Mungu wangu, alisema Mungu wako.

Wacha nije kwetu.

Kuna ndugu anasoma karatasi hii ambaye kazi yake iliisha miezi mingi iliyopita. Lakini kila asubuhi anavaa shati, anafunga tai, anabeba begi, anaagana na mama watoto, anapanda matatu hadi mjini. Anakaa Jeevanjee kwenye benchi mpaka jioni, halafu anarudi nyumbani amechoka kama mtu aliyetoka ofisini. Na kweli amechoka. Kuigiza ni kazi ngumu kuliko kazi. Sijui ni nani, na kama ningejua nisingemtaja.

Kuna dada ambaye chama chake kinajua ana duka. Duka lilishafungwa. Lakini zamu yake ya kukaribisha ikifika, lazima wakute kuku wawili na soda kreti nzima, kwa sababu mwezi uliopita kwa fulani kulikuwa na kuku wawili. Kuna kijana wa chuo ambaye ushago wanamwita daktari tangu matokeo ya KCSE yatoke. Ile kozi aliiacha mwaka wa pili, sasa anasomea kitu kingine, tena anakipenda. Desemba akifika nyumbani, nyanya anavuta kitambaa na kumwonyesha mguu unaouma. Anafanya nini? Anaushika ule mguu, anatingisha kichwa kama daktari.

Mlicheka sana Jumapili. Lakini nani alimvalisha huyo kijana hiyo ngozi? Mwanzo 25:28 inatuambia Isaka alimpenda Esau kwa sababu alikula mawindo yake. Yakobo alikuwa mtu mtulivu wa kukaa hemani, na alikua katika nyumba ambayo upendo wa baba ulipitia sahani. Wazee wetu, mama zetu, mniruhusu nikiwa kijana wenu. Mtoto akijua ni lazima alete kitu fulani ndipo mzazi afurahi, ataleta. Asipokuwa na upinde ataleta mbuzi wa zizini, atie viungo vingi, na mzazi atakula asijue tofauti. Siwalaumu wazazi kwa kuota ndoto juu ya watoto. Mimi pia ni baba. Nasema tu kwamba nyumbani mwa Isaka Yakobo hakuanza kudanganya siku ile ya ngozi.

Nilisomea biashara, kwa hivyo mnipe dakika mbili za hesabu. Darasani tulifundishwa habari za Enron, kampuni ya Marekani. Jarida la Fortune liliitaja miaka 6 mfululizo kuwa kampuni bunifu kuliko zote nchini humo. Desemba 2001 ikaomba kufilisika. Madeni yake mengi yalikuwa yamefichwa kwenye kampuni zingine za pembeni, ili vitabu vyake yenyewe visomeke vizuri. Wahasibu wana majina yao marefu ya jambo hilo. Mimi naliita ngozi ya mbuzi.

Sisi hatuna kampuni za pembeni, tuna simu. Tuseme umekopa shilingi 10,000 kwa mwezi mmoja na ada ni asilimia 10. Mwezi ukiisha huna, unakopa tena kulipa ile ya kwanza, unaongeza 1,000 yako ya ada. Ukifanya hivyo mwaka mzima umelipa 12,000, na zile 10,000 bado unadaiwa zote, hata shilingi moja haijapungua. Na zile 10,000 za mwanzo zilinunua nini? Kuku wawili na kreti ya soda. Sasa uwe na mikopo 4 ya aina hiyo, na Fuliza juu yake. Mtu ana mshahara mzuri na hawezi kulala, kila ujumbe ukiingia moyo unaruka. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na mnajua walimalizia vipi, hapa ni kanisani.

Sasa nifike mahali paliponishika mimi mwenyewe nikiandaa somo hili. Rudi Mwanzo 25:23. Kabla hawa mapacha kuzaliwa, Mungu alikuwa amemwambia Rebeka kwamba mkubwa atamtumikia mdogo. Yaani lile jambo ambalo Yakobo alilitafuta kwa ngozi za mbuzi lilikuwa limeshasemwa juu yake akiwa tumboni, hana nguo hata moja. Halafu nenda sura ya 28, mistari minne ya kwanza, ambayo wengi wetu tunairuka kwa sababu tunakimbilia ile ngazi ya Betheli. Isaka anamwita Yakobo. Safari hii anajua kabisa ni nani yuko mbele yake. Anambariki tena, na anataja baraka ya Ibrahimu, uzao na ile nchi. Hakuna ngozi. Hakuna mbuzi. Amesimama kama Yakobo, na baraka kubwa zaidi inatamkwa juu yake.

Basi zile ngozi zilimletea nini? Zilimletea ndugu anayetaka kumuua, safari ya Harani, na miaka 20 kwa Labani. Rebeka alifikiri mwanawe atakaa huko siku chache tu. Hakuna mahali Biblia inasema alimwona tena. Na kule Harani, Labani akamfanyia vilevile: usiku wa harusi akamletea Lea mahali pa Raheli, na Yakobo akagundua asubuhi. Mtu aliyejifanya mwingine mbele ya baba kipofu akadanganywa gizani kwa njia ileile.

Twende Penueli, sura ya 32. Yakobo yuko peke yake, usiku, anapigana na mtu mpaka alfajiri, anakataa kumwachilia bila kubarikiwa. Na yule anamuuliza jina. Kanisa, kwani Mungu alikuwa hajui? Mara ya mwisho Biblia inatuonyesha mtu huyu akitafuta baraka na kuulizwa yeye ni nani, alijibu Esau. Sasa swali limerudi, miaka 20 baadaye, kutoka kwa mtu ambaye macho yake hayana shida. Anajibu kwamba yeye ni Yakobo.

Na hapa niseme jambo ambalo vijana hawatalipenda sana. Siku hizi mitandaoni kuna injili nyingine: kuwa wewe, ishi ukweli wako, dunia isikupangie. Nusu yake ni kweli, na ndiyo maana inauzika. Lakini Yakobo alipotaja jina lake hakuwa anajisifu. Jina lile linahusu kushika kisigino, na Esau mwenyewe alishalifanya kuwa neno la mdanganyifu, sura ya 27, mstari wa 36. Kusema mimi ni Yakobo ilikuwa kukiri. Ndiyo, huyu ndiye mimi, na historia yangu ndiyo hii. Na Mungu hakumwambia basi kaa hivyo hivyo. Alimpa jina jipya. Lakini hakubadilisha jina la Esau, kwa sababu Esau hakuwa pale. Mungu hafanyi kazi na yule mtu unayemuigiza. Anafanya kazi na yule anayekaa Jeevanjee.

Pia msisahau kwamba jina lilimgharimu. Alitoka pale akichechemea. Na wakati anajibu swali lile, Esau alikuwa njiani na watu 400. Sisi tunajua sura ya 33, tunajua Esau alikimbia akamkumbatia. Yakobo hakujua. Kwa hivyo siwezi kukuahidi kwamba ukimwambia mkeo leo jioni atakukumbatia. Huenda akalia. Huenda akanyamaza siku tatu, na kuna la kumuudhi, maana umemficha miezi yote hiyo. Mwambie hata hivyo. Mwambie kabla ya yule anayekudai kupiga simu yake.

Na sisi kanisa tujiangalie. Tumeshona ngozi nyingi. Mtu akiulizwa hali mlangoni, lazima aseme amebarikiwa, ni mshindi, hakuna kulala. Ushuhuda tunaoupigia makofi ni wa gari na kiwanja. Ni lini mara ya mwisho mtu alisimama hapa akasema bado sijapata kazi, naombeni mniombee, na tukampigia Mungu makofi? Akisema hivyo, kuna anayenong'ona ati huyo ana shida ya imani. Isaka alisikia sauti ikiwa ya Yakobo, lakini akaamini mikono na nguo. Sisi pia tunasikia sauti za watu wetu. Tunasikia kabisa. Kisha tunaangalia suti, tunasema Amina, tunaenda nyumbani.

Nimezungumza na Mchungaji na wazee wa kanisa, wamekubali. Jumatano baada ya maombi, mimi na mke wangu tutabaki kwenye chumba cha nyuma, kile cha shule ya Jumapili. Atakayetaka aje, peke yake au na mwenzake. Tutaomba kwanza. Halafu njoo na simu yako na kalamu, tuandike madeni yote kwenye karatasi moja, makubwa na madogo, hata yale ya mia mbili kwa mama mboga, tuone linaloanza kulipwa ni lipi. Hakuna jina litakalotoka kwenye chumba hicho. Kama unaona aibu kuonekana ukiingia, kuna mlango wa upande wa choo.