Mtoto wa Panga ya Saidi

Msafiri aliyetoka Garsen akaipa kisogo delta ya Mto Tana, akashika njia ya Malindi hata Kilifi, kisha akapanda vilima vya chokaa vya Dzitsoni, hufika Panga ya Saidi, pango alimozikwa, yapata miaka 78,000 iliyopita, mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu au mitatu, ambaye wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa ng'ambo, walipotangaza habari zake mwaka 2021, walimwita Mtoto tu. Nalo ndilo kaburi la binadamu wa jinsi yetu lililo kongwe kuliko yote yajulikanayo barani Afrika.

Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na namna mifupa ya bega na mbavu ilivyokaa yaonyesha kwamba alifungwa kitu mfano wa sanda, na kwamba kichwa kiliegemezwa juu ya kitu laini kilichokwisha kuoza. Maiti hana haja ya mto. Aliyeuweka alijua kwamba mwanawe hausikii tena ugumu wa ardhi, na juu ya hayo akauweka.

Wako wachao kwamba hesabu ya miaka hiyo huitia dini ila. Mimi sioni hivyo. Kwa sisi tuliolelewa na kisa cha kunguru aliyetumwa kumfunza mwana wa Adamu jinsi ya kumsitiri nduguye, kaburi hili lashuhudia kwamba ilhamu ile ilikwisha kufika pwani yetu kabla ya jembe wala herufi. Na watu wa Tana, ambao mto ukifurika, kama mwaka 1997 na tena 2023, huhangaika kumtafutia maiti wao mahali pakavu, hawahitaji kuelezwa taadhima hiyo kwa maiti ni kitu gani.

Linitatizalo ni kwamba tulimfukua. Fikihi ya Kiislamu hukataza kaburi kufukuliwa pasipo dharura, na Wamijikenda nao hulitukuza pango lile kwa ibada. Ilhali udongo uliokumbatia mifupa ulikatwa, ukapigwa plasta, ukapelekwa Nairobi na kisha Burgos, Uhispania. Siiti dhuluma, maana pasipo kazi hiyo tusingaliujua ule mto wala ile sanda. Lakini elimu ikiisha kupatikana, haki ya maiti yabaki palepale. Basi wenye mamlaka ya makumbusho na wakae na wazee wa kaya za Wamijikenda, wamrudishe Mtoto katika ardhi ya pwani. Na wewe msomaji, ukienda Panga ya Saidi, ingia kwa adabu uingiayo nayo makaburini.