Chaki Moja, Mishahara Miwili

Walimu wawili waingia asubuhi katika shule moja ya kimataifa. Wote wawili wana shahada. Wote wafundisha hesabu, kwa vitabu vilevile na kwa saa zilezile, na wanafunzi wao wapimwa kwa mtihani mmoja. Mwisho wa mwezi mmoja wao apokea zaidi ya mwenziwe, wala si kwa sababu ya bidii, bali kwa kuwa mkataba wake ulitiwa sahihi ng'ambo. Je, hiyo ni haki? Wako watakaojibu upesi, ama ndiyo, ama siyo. Sisi twaona yafaa kwanza kulichungua jambo lenyewe.

Swali hili si la kubuni. Huko Manila, nchini Ufilipino, International School ya mji huo iliwalipa walimu walioajiriwa kutoka nje mshahara uliozidi kwa asilimia 25 ule wa wenzao walioajiriwa papo hapo nchini. Hao wa nchini walipinga, na shauri lao likafika hata Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, nayo ikatoa hukumu tarehe 1 Juni 2000. Shule ilitoa hoja mbili zisizofaa kupuuzwa: kwanza, mgeni ameiacha nchi yake na jamaa zake, pili, mkataba wake ni wa muda tu, hana hakika ya kesho. Majaji walijibu kwamba taabu ya kuhama ilikuwa na malipo yake tayari, maana mgeni alipewa nyumba, usafiri, gharama za kusafirisha mizigo na safari ya likizo kwenda kwao. Mshahara ni malipo ya kazi, na kazi ilikuwa moja. Basi wenyeji wakashinda.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Haki haitaki watu wote wapewe vitu vilevile. Atokaye mbali ahitaji nyumba na tiketi ya ndege. Mwenye nyumba yake karibu na shule hazihitaji, wala haonewi akizikosa. Lakini haki yataka kila kinachotolewa kiwe na sababu ya kweli, inayolingana na kitu chenyewe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alitumia mfano wa mwalimu: ukimpa mtu cheo cha kufundisha kwa sababu ya elimu yake, umetazama sababu inayostahili, ukimpa kwa sababu tu yeye ni fulani, umependelea uso. Wahenga wetu nao waliagiza mgeni apewe jembe siku ya tatu. Siku mbili za kwanza alikirimiwa kama mgeni; shambani alihesabiwa kama mkulima.

Sisi wa Afrika ya Mashariki twaijua hadithi hii tangu zamani. Tume ya Holmes ya 1948 ilikubali watumishi wa serikali wasio Wazungu walipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ilishauri ngazi moja ya mishahara isiyotazama rangi, pamoja na nyongeza ya kuwavuta watumishi kutoka ng'ambo. Shule za Tanganyika nazo ziligawanywa kwa rangi mpaka kugawanywa huko kulipokomeshwa 1962. Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yakataza mwajiri kumbagua mtumishi kwa rangi, kwa kabila au kwa uraia. Lakini sheria haioni kila kitu. Haioni ni nani asikilizwaye katika kikao cha walimu, wala ni nani abakiaye msaidizi wa darasa miaka kumi, akiwafunza kazi vijana wageni ambao kisha huwa wakubwa wake.

Watoto, hata hivyo, huyaona hayo. Mtoto husoma pia yasiyoandikwa ubaoni. Akiona kila mwaka kwamba mkuu wa shule atoka ng'ambo na mfagizi atoka kijijini, atajifunza somo ambalo hapana mwalimu aliyekusudia kumfundisha, nalo litakaa moyoni kuliko hesabu.

Watasema wenye shule: tukilinganisha mishahara, ada itapanda, ama wageni hawatakuja. Neno hilo lina ukweli, na hatusemi mambo yote yatengenezwe kwa siku moja. Ila yawezekana kutenga mshahara na posho, kila moja na sababu yake. Yawezekana ngazi za mishahara ziwekwe wazi, na sifa za uongozi zitangazwe kabla ya jina kutajwa. Tena mwenyeji asipewe cheo kwa kuwa ni mwenyeji tu. Huko kungekuwa kuligeuza kosa, si kuliondoa.

Lakini tusiwalaumu wenye shule peke yao. Mzazi aendapo kumwandikisha mtoto, mara nyingi swali lake la kwanza ni, "Walimu Wazungu mnao wangapi?" Haulizi wanafundishaje. Mwenye shule ni mfanyabiashara. Huuza kile kinachoulizwa. Nasi wazazi na walezi, tunaolalamika kwamba watu wetu hawathaminiwi, ndio tuliotangulia kuwapima kwa ngozi, na ada tukailipa kwa furaha.

Yatupasa basi kuanza na swali letu wenyewe. Mwaka wa masomo ujao, tukifika mlangoni pa shule, tuulize: mwalimu huyu ajua nini, awapenda watoto, na je, alipwa haki yake? Shule itakayoulizwa hivyo na wazazi mia haitakawia kutafuta jibu.