Nani Adhamini Upepo wa Bahari?

Mkopo wa miaka mingi hubeba swali la maadili hata kama wanaoutia saini hawalitaji: manufaa ya watakaoishi baada yetu yana uzito gani mbele ya manufaa yetu wenyewe? Katika umeme wa upepo wa baharini, swali hili ndilo linaloamua kama mitambo itajengwa. Kituo cha umeme wa gesi hulipa gharama zake kidogo kidogo, kwani gesi hununuliwa kadiri inavyochomwa. Upepo haununuliwi, ila mitambo yake hudai karibu kila kitu mwanzoni. Meli maalumu hukodiwa kwa siku, na bahari ikichafuka hungoja huku malipo yakiendelea. Kisha nguzo ya chuma hugongwa kwa nyundo kubwa mpaka ijikite chini ya bahari, na nyaya hufukiwa hadi pwani. Yote haya hufanyika kabla ya uniti ya kwanza ya umeme kuuzwa, na sehemu kubwa kwa fedha za kukopa. Riba ikipanda, umeme huo hupanda bei, ijapokuwa upepo ni ule ule.

Ulaya imeyaona hayo. Kati ya Desemba 2021 na Agosti 2023, Benki Kuu ya Uingereza ilipandisha riba yake kutoka asilimia 0.1 hadi 5.25, huku chuma na vipuri navyo vikipanda bei. Julai 2023 kampuni ya Vattenfall ilisimamisha mradi wa Norfolk Boreas, ikisema gharama zimeongezeka kwa hadi asilimia 40. Septemba mwaka huo, mnada wa serikali ya Uingereza haukupata hata mradi mmoja wa upepo wa baharini. Denmark, iliyojenga shamba la kwanza la mitambo ya aina hii huko Vindeby mwaka 1991, ilitoa zabuni ya megawati 3,000 bila ruzuku. Ilipofungwa Desemba 2024, hakuna aliyekuwa ameomba.

Mwaka 1928 Frank Ramsey, mwanafalsafa na mwanahisabati wa Cambridge, alishikilia kwamba kuipunguzia thamani furaha ya kesho kwa sababu tu ni ya kesho hakuna utetezi wa kimaadili. Naamini alikuwa sahihi, lakini riba haitokani na pupa peke yake. Ndani yake mna hofu pia, na sehemu ya hofu hiyo ni ya haki: mjenzi hajui kama umeme wake utapata bei miaka 15 ijayo. Basi tuulize hofu hiyo ni ya nani kuibeba. Fiqhi ina kanuni kwamba anayepata faida ndiye anayebeba na hasara yake. Hewa safi na uhuru wa kutotegemea gesi ya kuagiza ni faida ya umma mzima. Kwa hiyo hatari ya bei iwe dhima ya umma, na hatari ya ujenzi ibaki kwa mjenzi anayetafuta faida yake.

Watapinga wengine kwamba hapo maskini wa leo wanalipishwa kwa ajili ya wajukuu wa matajiri. Pingamizi hili ni zito, na ndiyo maana dhamana haitoshi kuwa ya upande mmoja. Katika mikataba ambayo Uingereza huitoa kwa mnada, bei ya soko ikishuka chini ya bei ya makubaliano mzalishaji hufidiwa. Ikipanda juu yake, hurudisha ziada. Mlipaji wa bili hupata kinga pale gesi inapopaa. Wengine watasema akiba za wastaafu zinazokopeshwa miradi hii zinastahili malipo. Kweli, na mwenye akiba hatadai malipo makubwa akijua mapato hayatayumba.

Uingereza ilipopandisha kikomo cha bei katika mnada wake kutoka pauni 44 hadi 73 kwa megawati-saa, kwa thamani ya mwaka 2012, miradi ilirudi katika mnada wa 2024. Denmark nayo iliamua mwaka 2025 kurudisha ruzuku. Fedha zilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni umma uliokubali kubeba sehemu yake ya dhima.