TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 16: Siri ya jiko ni ya nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Jana nimepokea maswali mawili ya jikoni. Naanza na jepesi. Mtu anayepika naye amefunga, je, anaonja chumvi? Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba hakuona ubaya kuonja chakula mtu akiwa amefunga. Wanazuoni wakaeleza kuwa ni pale penye haja: unagusisha ncha ya ulimi, unatema, humezi kitu. Kwa hiyo mama usiwe na wasiwasi. Na wewe baba unayepita jikoni "kuonja" mara nne kabla ya alasiri, haja yako hiyo tunaijua.

Swali la pili ni hili: "Ustadhi, nikiombwa maelekezo ya chakula changu na mimi sitaki kuyatoa, napata dhambi?"

Aliyeuliza nadhani alitaka ndiyo au hapana. Mwaka juzi ningempa jibu hilo kwa dakika moja, na kwa kweli nililitoa, tena kwa watu wote. Leo siwezi kumjibu kabla sijawasimulia lililotokea. Mhusika kanipa ruhusa, kwa sharti nisitaje jina, ingawa wengi wenu mtamjua.

Mnalikumbuka lile grupu la mapishi la akina mama wa msikiti. Lilianza kama mchezo. Mmoja anaandika anavyopika tambi za nazi, mwingine kesho yake anajaribu na kurusha picha, wa tatu zake zimeungua, anacheka na kuzirusha vilevile. Baadaye wakaingia vijana wanaokaa geto, maana mtu akifuturu chipsi siku kumi mfululizo tumbo linamdai. Kijana mmoja aliuliza wali unapikwaje usiwe bokoboko. Akapata majibu kumi na moja, yote tofauti. Nilifurahi sana. Nikasema ujirani haujafa, umehamia kwenye simu.

Kisha likaja suala la vitumbua.

Mtaani kwetu kuna mama anayeuza vitumbua. Siku za kawaida anakaa asubuhi karibu na shule, Ramadhani anahamia jioni. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, na watoto wake wanasomeshwa na kile chuma cha vitumbua, si kingine. Akaombwa kwenye grupu aeleze anavyovipika. Akamwelekeza binti yake, binti akaandika: mchele vikombe viwili, uloweke usiku kucha. Tui zito kikombe kimoja. Sukari nusu kikombe. Hamira kijiko cha chai. Iliki. Saga, acha iumuke, choma.

Walijaribu watu saba na wote saba wakafeli. Vya mmoja vilitoka bapa kama chapati. Vya mwingine vimenyonya mafuta mpaka vinadondosha. Vya nyumbani kwangu viligoma kutoka kwenye chuma, tukavifuturu kwa kijiko. Ndipo mnong'ono ukaanza. Amepunguza kitu huyu. Hataki tujue.

Mnong'ono ukanifikia. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, sikuuliza. Niliandika tafakari hapahapa kuhusu kuficha elimu. Nikaitaja ile hadithi mashuhuri waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ya mtu anayeulizwa jambo la elimu akalificha, kwamba Siku ya Kiyama atavishwa lijamu ya moto. Sikutaja jina la mtu. Jina halikuhitajika, kwani wiki ile mtaani hapakuwa na mwingine aliyetuhumiwa kuficha chochote.

Usiku mke wangu aliisoma, akaniuliza swali moja tu: "Abuu, hadithi hii inahusu hamira?"

Jibu nililijua. Wanazuoni wameieleza hadithi ile kuwa ni elimu ambayo mtu anaihitaji katika dini yake. Mtu kakujia hajui kuswali, anataka afundishwe, wewe unamfungia mlango. Mimi niliichukua nikaifunga kwenye vitumbua kwa sababu ilikuwa na uzito, na siku ile nilitaka kitu kizito cha kumpiga nacho mtu. Na Suratul Hujurat, inayotukataza dhana mbaya na kupekuana, nimeihifadhi tangu nikiwa mtoto wa madrasa. Kuihifadhi hakukunisaidia.

Mama yule hakuonekana tarawehe siku tatu. Siku ya nne tukaenda kwake, mimi na mke wangu, baada ya alasiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba ustadhi. Karibuni."

Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Nilipoanza kuomba radhi alinikatiza, akamwambia mke wangu: "Kesho uje na mchele wako uliolowekwa. Na hicho chuma chenu kije."

Tulikwenda. Mimi nilikaa barazani, jiko likiwa pale pale nje, nikatazama. Kikombe chake cha mchele kilikuwa cha kujaza mpaka kifanye kichuguu, chetu tulikisawazisha kwa kisu. Tui hakulimwaga lote. Alitia kidogo kidogo kwenye blenda, akichovya mwiko na kuunyanyua, mpaka rojo likawa linashuka kwa uvivu. Akasugua tone kati ya vidole viwili kusikiliza kama bado kuna chenga. Kuumuka nako hakutazama saa. Sisi tuliacha kuanzia adhuhuri mpaka karibu na magharibi, kwa joto hili letu, likapanda likaporomoka na kuchachuka. Yeye alilifunua, akaona mapovu, akanusa, akasema tayari. Na chuma chetu kipya alikicheka kabisa. Chuma kipya kwanza kinachomwa na mafuta na kufutwa, tena na tena, na hata kikishakuwa cha zamani, kila shimo mafuta yake yapate moto kwanza ndipo umimine.

Nikamwuliza: "Mama, haya yote mbona hukuyasema kwenye grupu?"

Akanitazama. "Ustadhi, na haya nayo yanaandikwa?"

Mimi ni mwalimu wa darasani miaka mingi sasa. Najua andalio la somo si somo. Najua mtoto ananakili ubao mzima kwa mwandiko mzuri na hajaelewa kitu. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba yule mama naye ana elimu ya aina hiyo, iliyo mkononi, ambayo mwenyewe hajui kama anayo mpaka umwone mtu mwingine anaikosa. Tulimtuhumu kuficha kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yetu kila jioni, pale karibu na shule. Hakuna aliyekwenda kutazama. Tulitaka kifike kwenye simu.

Sasa ningeweza kuishia hapa, tukasema alhamdulillah, kumbe hakuficha. Lakini huko ni kulikimbia swali. Tuseme kweli alificha. Je?

Hapa naomba tuitazame Suratul Ma'un, ile fupi tunayoisoma kwenye swala mpaka tumesahau inachosema. Inaanza na anayemsukuma yatima, inafika kwa wanaoswali huku wameghafilika na swala zao, kisha wenye kujionyesha, na mwisho kabisa wenye kuzuia ma'un. Nini ma'un? Baadhi ya masahaba na waliokuja baada yao walisema ni zaka. Wengine, akiwemo Ibn Mas'ud (r.a.), walisema ni vile vitu vidogo ambavyo watu huazimana: sufuria, ndoo, shoka. Yaani mtu anayekataa kuazima sufuria katajwa katika sura moja na anayemsukuma yatima. Mimi kila nikiifikiria hiyo nashtuka.

Maelekezo ya mapishi, kwa mtazamo wangu, ni jamaa ya ile sufuria. Tena ni mepesi kuliko sufuria, maana sufuria ukiiazima leo hupiki nayo, na huenda ikarudi na masizi. Namna ya kupika ukiitoa bado unayo.

Na tazameni kilichokaa jirani na ma'un katika sura ile: kujionyesha. Sisi tunarusha picha ya sinia la futari, magimbi yamelala kwenye tui zito, samaki juu, katlesi pembeni. Mtu anauliza, shoga, hii umeifanyaje? Tunajibu kwa kijikatuni kinachocheka: siri ya jiko. Picha tumeitoa kwa watu mia mbili, maelezo tumeyazuia kwa mmoja. Huyu hauzi chakula. Hapotezi shilingi. Anacholinda ni kusifiwa peke yake. Aliyeniuliza swali jana, kama wewe ndiye huyu, sitakuambia una dhambi maana sina dalili ya kukuhukumu hivyo. Ila isome sura hiyo leo taratibu.

Lakini yule mama si huyu. Kwake namna ya kupika si sufuria ya kuazima, ni duka lake. Hakuna anayemwendea fundi seremala kumwambia nipe msumeno wako bure na wateja wako pia. Kwa hiyo anaweza kusema, samahani, hii ndiyo riziki yangu, siitoi. Akisema hivyo kwa uwazi, sioni kosa kwake.

Kisichokubalika ni kutoa pungufu ukaonyesha kamili. Muuza nafaka aliyeacha iliyolowa chini na kavu juu, Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo lake akahisi unyevu, akamkemea, akasema wenye kughushi si katika sisi; imo katika Sahih Muslim. Ukimwandikia mtu vitu sita na unajua ni saba, akapoteza mchele wake, tui lake na gesi yake, umemuuzia rundo lililolowa, hata kama hakukulipa. Kataa kwa ulimi wako, itakuuma dakika moja. Usikatae kwa hila.

Kuna jambo jingine ambalo sijalimaliza moyoni. Baada ya siku ile barazani, wanawake sita walikwenda kwa mama yule kujifunza kwa macho, na mimi ndiye niliyewatangazia waende. Alifundisha wote, hakutoza. Baada ya Idi, mmoja wao akaanza kuuza, upande wa pili wa shule ileile. Ni binti ana mtoto mchanga, naye ana shida zake, simlaumu kutafuta. Lakini mama alikuwa akimaliza ndoo yake kabla ya saa tatu, sasa anarudi na vya kugawia majirani.

Aliponieleza nilifungua mdomo kusema lile tunalolisema siku zote, kwamba riziki anagawa Mwenyezi Mungu. Nikafunga. Ni kweli tupu, lakini mimi nina mshahara wa kila mwezi. Elimu iliyogawiwa ilikuwa yake, thawabu za kuhimiza nilijihesabia mimi, na hasara ilibaki kwenye ndoo yake. Sikupoteza hata kitumbua kimoja.

Nilimwita yule binti na mumewe, tukazungumza. Alilia, hakujua kama anamuumiza. Sasa anauza jioni sokoni, na asubuhi kamwachia mwenzake. Sijui kama hilo linatosha. Soko la jioni si zuri kama shule asubuhi, na yeye naye ana mtoto.

Tumezoea kumhimiza aliyenacho atoe, na hilo ni haki. Kuna ile hadithi ya Abu Dharr (r.a.) katika Muslim, kwamba ukipika mchuzi uzidishe maji na uwaangalie majirani zako. Haya ni maelekezo ya jikoni kabisa, na mpishi yeyote anajua maana yake: mchuzi utapungua ladha. Jirani ana haki mpaka kwenye ukolezo wa chungu chako. Ila nimeona kwamba anayepelekewa mchuzi naye ana la kutazama. Ukipewa ujuzi wa mtu bure, jiulize yeye anaishi kwa nini, na wewe utakapoutumia utasimama wapi.

Wiki iliyopita mama ameingia tena kwenye grupu. Safari hii mkate wa sinia, na hakumtuma binti kuandika, katuma sauti yake mwenyewe, dakika saba, mpaka namna ya kugonga pembeni ya sinia kusikiliza kama umeiva. Mwisho anasema mwenye kukwama aende kwake aone.

Nilimpigia. Nikamwambia, mama, baada ya yote yale, mbona unatoa tena?

Akacheka. "Wewe ustadhi si ndiye uliyesema nitatiwa lijamu?"

Mpaka leo sijajua kama alikuwa anatania.

Jumamosi baada ya alasiri atapika barazani kwake, inshaallah. Akina mama na vijana wa geto mnakaribishwa, kila mtu aje na mchele wake na tui lake, asimalize vyake. Vitumbua vitakuwepo vya kununua, na mnunue. Mwenye nia ya kuuza mkate wa sinia, aniambie mimi kwanza, au amwambie yeye ana kwa ana kabla ya kuwasha jiko.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.